Gia ya Kumsalimia Mjomba

Mimi ni mtu wa haraka. Marehemu mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa kabla mkunga hajamaliza kunawa mikono, na sioni sababu ya kumbishia. Naishi mjini, Mafiga, nauza viungo soko la Mwembesongo: mdalasini, pilipili manga, iliki, karafuu. Vyote navifuata Kinole, milimani, kijijini kwa mama yangu. Kwa miaka mingi nilipanda huko na lori la mizigo, ambalo lilifika jioni likiwa hoi na kushuka kesho yake, kwa hiyo upende usipende ulilala. Mimi nililala kwa mjomba, kaka wa mama. Nilikula ugali wake, nikasikiliza habari za watu waliokufa kabla sijazaliwa, nikajinyoosha kwenye kitanda cha kamba kilichoniachia alama mbavuni. Siku niliponunua gari langu mwenyewe, kilichonifurahisha kuliko vyote ni kwamba sasa ningekwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Nililitangaza hilo soko zima.

Ni gari dogo, otomatiki, limetumika Japani mpaka likachoka, ndipo likaletwa kwetu kuanza maisha. Kila nikiliwasha, sauti ya mwanamke inatoka kwenye redio na kusema maneno marefu ya Kijapani, kwa adabu kabisa, halafu inanyamaza. Hakuna fundi aliyeweza kumtoa mama huyo. Tumezoeana.

Swali la gia lilianza wiki ile ile niliyolipata. Otomatiki ina herufi: D ya kwenda, R ya kurudi nyuma, N ambayo gari linakuwa halijashikwa na chochote, na P ya kuegesha. Sasa ukisimama njiani, kwenye taa au mbuzi wanapovuka, uiache kwenye ipi? Mwalimu wangu wa udereva, bwana mmoja aliyevaa miwani ya jua hata siku ya mvua, alisema niache kwenye D, nikanyage breki, nisubiri, maana gari linajua kazi yake. Fundi wangu wa Mwembesongo akatikisa kichwa. "Mama, weka N. Injini inasukuma, breki inakataa, unadhani anayeumia hapo katikati ni nani? Giaboksi." Mume wangu naye aliendesha malori maisha yake yote mpaka alipostaafu, na kwake yeye gari lisilo na klachi ni kiti chenye magurudumu. Lakini kwa kuwa nimemzalia watoto akanipa ushauri: kwenye taa fanya utakavyo, ila mlimani ni hendibreki kwanza, ndipo P, na jiwe nyuma ya tairi. P peke yake, alinieleza huku akikunja kidole mezani, ni kijino kidogo tu ndani ya giaboksi. "Utalining'iniza gari na magunia ya mdalasini kwenye jino moja?"

Niliwasikiliza wote kwa heshima, kisha nikafanya lililokuwa jepesi kuliko yote. Niliacha kwenye D.

Safari ya kwanza ya Kinole nilipiga honi kila kona, nyingine bila sababu yoyote ila furaha. Nilipakia mizigo, nikanywa chai ya kusimama kwa binamu yangu, nikauliza mjomba yuko wapi, nikaambiwa yuko shambani. Nikaacha salamu na kilo ya sukari, nikageuza gari. Chini kidogo ya msikiti nikamwona anakuja, kofia kichwani, mkungu wa ndizi begani. Nikasimama, nikashusha kioo.

"Shikamoo mjomba!"

"Marahaba, mwanangu. Umekuja?"

"Nimekuja, mjomba."

Kwa wasiotujua, kule milimani shikamoo na marahaba ni kubisha hodi tu. Baada ya hapo anauliziwa mume, wanauliziwa watoto mmoja mmoja, anauliziwa jirani aliyekuwa anaumwa mara ya mwisho mlipoonana, inaulizwa mvua ya mjini, na anayeuliza husubiri jibu la kila kitu. Mjomba aliweka mkono wake dirishani akaanza na mume. Mimi nilikuwa naangalia mawingu, nawaza utelezi wa kule chini kabla ya kufika Kiroka, na mguu wangu uliokuwa kwenye breki nao ukawa unawaza hayo hayo. Gari la otomatiki likiwa kwenye D halihitaji ruhusa kubwa. Likaanza kutambaa.

Mjomba akatambaa nalo.

"Na yule wa chuo?" akauliza.

"Mzima, mjomba."

"Na mdogo wake, kifua kimepona?"

"Kimepona."

Tulipofika kwa jirani mgonjwa, mjomba alikuwa anatembea upesi. Tulipofika kwenye mvua, alikuwa anakimbia mbio za mzee, mkono bado umeshika dirisha na ndizi zinamdunda mgongoni. Ungeniuliza wakati ule, ningekuambia ananisindikiza. Kwetu mgeni hatolewi mlangoni akaachwa. Mwenyeji humsogeza mpaka njiani, na mwenyeji mwenye mapenzi humsogeza mbali zaidi. Moyo wangu ulijaa kabisa kuona mzee wa umri ule anavyonisogeza.

"Basi mjomba, umefika mbali, usijisumbue!" nikamwambia. "Rudi tu!"

Nikaachia breki. Kwenye kioo nikamwona amesimama katikati ya barabara, kofia imekaa upande. Nikampungia mkono.

Sasa nije kwenye kilichotokea baadaye. Binti yangu mkubwa, yule wa chuo, alimaliza masomo akapata mchumba, kijana mzuri wa mtaa wa Kihonda, na wazee wa upande wa pili wakaomba siku ya kuja kuposa. Mume wangu ni mtu wa Tanga. Kwao baba akisema ndiyo, mambo yamekwisha. Sisi Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mkubwa wa ukoo wa mama ni mjomba. Kaka sina, kwa hiyo mjomba wangu mimi ndiye wa binti yangu pia. Sheikh angeweza kufungisha ndoa bila yeye, lakini hakuna mtu wa Kinole ambaye angeiita ndoa. Zaidi ya hayo, yeye ndiye aliyempokea binti yangu mikononi siku alipotolewa nje kwa mara ya kwanza akiwa mchanga. Nilimpigia binamu yangu simu ampelekee mjomba taarifa ya siku yenyewe. Jibu likarudi jioni.

"Anasema haji," binamu akasema.

"Anaumwa?"

"Mzima kabisa. Anasema yeye ni mzee, hana mbio. Anasema wewe husalimia huku unaondoka, na mtu wa namna hiyo hawezi kukaa naye kikao. Usimame kwanza, ndipo mzungumze."

Niliweka simu mezani, na picha ya kwenye kioo ikanirudia: kofia imekaa upande, mtu hajainua mkono wake hata kidogo. Niliwaeleza wa nyumbani. Mume wangu alicheka mpaka akashika ukingo wa meza. Binti yangu hakucheka.

"Mama, babu kamaindi, kakasirika kweli," alisema. Baadaye akaongeza, taratibu, "Babu asipokuja, hiyo siku tuahirishe tu."

Nilijua maana ya kuahirisha. Wazee wa Kihonda walikuwa wameshajipanga, na ukiwaambia watu siku imesogezwa kwa sababu mjomba hataki, wataanza kujiuliza hamtaki nini hasa. Nilimwona binti yangu akichezea ncha ya khanga yake, na nikaogopa kwelikweli.

Kikao kikaanza usiku ule ule, na kwa kuwa sisi ni nyumba ya dereva, matatizo yetu tunayatafuta kwenye gari. Hakuna aliyesema ni suala la adabu. Tulibishana kuhusu gia. Mume wangu alikuwa bado anashikilia hendibreki na P. Binti yangu akatafuta kwenye simu, akakuta watu wa nchi mbalimbali wanatukanana kwa jambo hilo hilo. Nikampigia fundi, na fundi akawa na furaha ya mtu aliyengojea siku hii. "Si nilikuambia, mama? Ungeweka N, gari lisingetambaa." Hilo likaniingia akilini. D ndiyo iliyomkimbiza mzee, basi D tuiondoe.

Nikapanda Kinole siku chache baadaye, nimevaa vizuri, nimebeba halua. Mjomba alikuwa barazani kwake anakwangua magome ya mdalasini kwa kisu. Barabara mbele ya nyumba yake ni ya kupanda, jambo ambalo nilikuwa nimelijua tangu utotoni ila sikuwahi kulifikiria. Nikasimama usawa wa baraza, nikaweka N, nikatoa mguu kwenye breki kwa maringo ili aone mwenyewe kwamba leo gari limetulia.

"Shikamoo mjomba!"

Aliinua kichwa taratibu, na alipokuwa anafungua mdomo, gari nalo likawa linaondoka. Safari hii kinyumenyume. Marahaba yake ilinipata nikiwa usawa wa choo cha jirani. Nilikanyaga breki mpaka halua ikaanguka chini ya kiti, nikaweka D, nikapanda tena kwa aibu mpaka pale pale.

Mjomba alikuwa amesimama, kisu bado mkononi. "Juzi umenisalimia ukienda mbele," akasema kwa ile sauti ya Kiluguru inayopanda mwishoni. "Leo unanisalimia ukirudi nyuma. Kesho nikungojee upande gani?"

Akaingia ndani. Nilishusha halua kwa mkewe, nikapakia pilipili manga zangu kimyakimya na kurudi mjini nimekasirika. Nilimkasirikia fundi, nikamkasirikia mwalimu wa miwani ya jua, nikamkasirikia yule mama wa Kijapani aliyekuwa akinisemesha kwa adabu kila nilipowasha gari. Mjomba nilimkasirikia kuliko wote. Mzee mzima, nikasema peke yangu kona hadi kona, anakwamisha ndoa ya mtoto kwa sababu ya herufi!

Mume wangu alinipokea mlangoni, akaniangalia usoni, akawa na busara ya kutocheka.

"Hendibreki," alisema. "Ndipo P."

Habari ya gari langu ilikuwa imeshasambaa. Kule Kinole walikuwa wanalijua sasa kama gari linalorudi nyuma lenyewe, na wenye watoto walikuwa wameshawakanya. Mimi sikuwa na taarifa. Wiki iliyofuata, Ijumaa, nilipanda tena na kusimama pale pale mbele ya baraza swala ikimalizika. Hendibreki, nikaivuta mpaka ikalia. Kisha nikahamisha gia kutoka D kwenda P.

Hapa kuna kitu ambacho hakuna mwalimu aliyenieleza. Ukitoka D kwenda P lazima upite kwenye R, na ukipita R, hata kwa kufumba na kufumbua, taa nyeupe za nyuma zinawaka. Nyuma yangu alikuwa anapanda mama mmoja na kapu la machungwa kichwani. Aliona taa ya kurudi nyuma, tena kwenye gari lile analolijua, akapiga yowe, akatupa kapu na kurukia mtaroni.

Barabara ya kwa mjomba inateremka vizuri sana. Machungwa yaliondoka yote kwa pamoja. Nilizima gari, nikashuka mbio bila hata kufunga mlango, nikaanza kuyakimbilia. Waliotoka msikitini wakatukuta, nao wakakunja kanzu na kuyakimbilia. Mama wa watu alikuwa mtaroni, hajaumia, anacheka na kulia huku akielezea kila anayepita jinsi gari lilivyomkusudia. Mimi niliinama, khanga yangu nimeifanya mfuko, naokota chungwa moja baada ya jingine kwenye majani ya mtaroni. Nikaona mkono wa mtu mwingine unaokota pembeni yangu. Ulikuwa wa mjomba, naye ametoka msikitini. Mabega yake yalikuwa yanatikisika, na nilipomwangalia vizuri nikaona anacheka mpaka machozi yanamtoka.

Nikapiga goti pale pale mtaroni. "Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mwanangu," akasema, akajifuta macho kwa ncha ya kanzu. "Mumeo hajambo?"

"Hajambo, mjomba."

"Na yule wa chuo?"

Akawaulizia wote. Akamuulizia mdogo mwenye kifua, akamuulizia jirani, ambaye kumbe nilikuwa nimesahau kumwambia kwamba alikwisha kupona, na akafurahi mno kusikia. Akauliza mvua. Nilijibu kila kitu huku magoti yamelowa, na sikuwa na njia ya kuharakisha, maana gari lilikuwa limezimwa kule juu na mlango wake uko wazi. Alipomaliza, nikamwomba aje kukaa kwenye posa ya mjukuu wake.

"Nitakuja," akasema. "Si umesimama sasa?"

Nilitaka kumkumbatia, ila mikono yangu ilikuwa imejaa machungwa. Tulipanda wote mpaka nyumbani, nikanywa chai, hiyo ya kukaa. Nilipoaga, mjomba aliangalia jua, akaangalia kile kitanda cha kamba kilichoegemezwa ukutani.

"Hulali?"

"Leo hapana, mjomba. Kesho asubuhi nina wateja."

"Haya," akasema, na akanisogeza mpaka kwenye gari.

Siku ya kumfuata kwa ajili ya posa, alinisubiri barabarani na kanzu nyeupe iliyopigwa pasi, fimbo mkononi. Nikawasha gari, na mama wa Kijapani akasema maneno yake.

"Nani huyo?" mjomba akashtuka.

"Ni redio, mjomba."

"Anasemaje?"

"Sijui. Nafikiri anasalimia."

Mjomba alifikiri kidogo. "Marahaba," akamjibu.

Safari ambayo mimi huiteremka haraka, siku ile ilichukua asubuhi yote. Kila tulipokutana na mtu anayemjua, na Kinole hakuna asiyemjua, mjomba aligonga dashibodi kwa fimbo. "Weka ile ya kusimama." Nami nikavuta hendibreki, nikaweka P, taa nyeupe zikawaka nyuma, watu wakaruka pembeni, mjomba akashusha kioo na kuanza na habari za nyumbani. Tulipita Kiroka hivyo. Tulipita Bigwa hivyo. Nikadhani tukiingia mjini nitapumua, kumbe kulikuwa na taa za barabarani. Zilikuwa nyekundu. Nikakanyaga breki nikiwa kwenye D.

"Umesimama?" mjomba akauliza.

"Nimesimama, mjomba."

"Kwenye ile ya kusimama?"

Nikaweka P. Bodaboda aliyekuwa nyuma yangu akaona taa nyeupe, akapiga honi, akaja kwenye dirisha amewaka. "Maza, unarudi wapi sasa?" Mjomba akaegemea upande wangu ili amwone vizuri.

"Hujambo, mwanangu?"

Kijana akameza alichotaka kusema. "Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kwenu wapi?"

Kwao kulikuwa Matombo. Taa ikawa kijani na honi zikaanza nyuma yetu, na mjomba bado alikuwa anamuuliza habari za bibi yake, maana ilitokea kwamba anamfahamu. Kijana alijibu yote. Alipoondoka, alitupungia mkono kwa furaha kabisa.

Tulifika Mafiga tumechelewa, lakini wageni walikuwa wamechelewa zaidi. Mjomba akakaa kwenye kiti chake barazani, mume wangu pembeni yake, na binti yangu nyuma ya pazia, jicho moja nje. Mchumba mwenyewe ndiye aliyekuwa anawaendesha wazee wake. Gari lao likaingia taratibu uani. Nilisikia hendibreki ikilia. Nikaona taa nyeupe za nyuma zikiwaka na kuzimika. Injini ikanyamaza. Kijana akashuka, akazunguka, akaja mpaka mbele ya mjomba na kuinama na suti yake nzito katikati ya jua.

"Shikamoo babu."

"Marahaba," mjomba akasema, akaanza kuuliza. Aliuliza habari za Kihonda nzima, sidhani kama alibakiza nyumba. Jasho lilikuwa linamtiririka kijana mashavuni na hakulifuta wala hakuangalia saa. Mwisho mjomba akanigeukia, akasema kwa sauti ya chini iliyosikika mpaka jikoni, "Huyu amefundwa na nani?" Nyuma ya pazia mtu alicheka, akajiziba mdomo. Mambo mengine ya siku ile yalikwenda kama yanavyokwenda, kwa maneno mengi na pilau, na mjomba alipotoa kauli ya ukoo nilishindwa kujizuia, nikapiga vigelegele kabla ya wanaostahili kupiga.

Alilala kwetu. Asubuhi nikampandisha Kinole, na nilikuwa nimeshapanga kila kitu: nimshushe, nipakie pilipili manga, niwe sokoni kabla jioni. Nikasimama mbele ya baraza, hendibreki, P, nikazima. Nilikuwa sikosei tena. Mjomba akashuka, akaenda kando ya nyumba, akarudi na jiwe, akalisukumiza nyuma ya tairi.

"Asante, mjomba," nikasema. Mume wangu angefurahi kuliona jiwe lile.

Mjomba akaenda tena kando ya nyumba. Akarudi na jingine, kubwa kuliko la kwanza, amelikumbatia kwa mikono miwili, akaliweka mbele ya tairi la mbele na kulikanyagia mpaka likakaa.

"Mjomba, la mbele la nini?" nikamuuliza. "Gari limeelekea mlimani, haliwezi kupanda lenyewe."

Akajikung'uta vumbi mikononi.

"La nyuma la gari," akasema. "La mbele lako."

Kisha akaingia ndani, akaniacha nimesimama na ufunguo mkononi. Tangu tulipomzika mama, yeye ndiye mtu pekee duniani aliyebaki ananiita kwa jina langu la utotoni, na mimi nilikuwa nafika mlangoni kwake kila wiki, nampa shikamoo na sukari, kisha naondoka. Tulijadili gia nyumba nzima, tukampigia fundi, tukatafuta kwenye simu, na mzee alikuwa anataka nilale. Nikatoa simu, nikampigia mume wangu kumwambia asinisubiri.

"Gari limeharibika?" akauliza.

"Hapana," nikasema. "Nimesimama."

Jioni mke wa mjomba alisonga ugali, na kile kitanda cha kamba kikatolewa ukutani. Tukakaa barazani, kisu chake kikipita kwenye magome ya mdalasini. Mjomba akaniuliza mume wangu hajambo, na watoto, na jirani, na kama mjini mvua imenyesha, ingawa alikuwa ameamkia nyumbani kwangu asubuhi ile na kuyaona yote kwa macho yake, nami nikamjibu moja baada ya jingine.